Mrithi wa Wekesa

Jumatatu, 3 Februari

Jua kali tena. Nyasi za nyuma ya nyumba zimekuwa rangi ya gunia, na ng'ombe wananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyezuia mvua. Nimepeleka maziwa kituoni mwenyewe, kama kila asubuhi. Kuna wanaoshangaa kuona mwenyekiti wa bodi akibeba mtungi. Mimi ni mkulima kwanza.

Kisha ofisini, mjini Kitale. Karani amenikumbusha kwamba tathmini ya mkurugenzi mkuu ni wiki ijayo, na kwamba mkataba wake unaisha katikati ya mwaka. Nimemwambia aandae mwingine kama ule wa zamani. Sioni la kujadili. Wekesa ndiye kampuni. Sisi wakulima wa Kitale na wenzetu wa Bungoma tulikuwa na ng'ombe na malalamiko tu. Yeye ndiye aliyetutengenezea kampuni ya maziwa. Kiwanda cha Kanduyi amekisimamia tangu msingi.

Amepiga simu mchana. Ameniita Mama Njeri badala ya Mama Kamau. Nimecheka. Hata mimi nachanganya watu siku hizi.

Jumanne, 11 Februari

Tathmini. Miaka yote huwa ni mazungumzo ya chai. Namuuliza kampuni iko wapi, ananiambia, tunabishana kidogo, napeleka maoni kwa bodi, bodi inapitisha.

Leo nilimuuliza kuhusu Chwele, kituo chetu kikubwa kuliko vyote. Akajibu vizuri sana. Alieleza jinsi atakavyowashawishi wakulima wa huko waungane nasi, mahali atakaponunua kiwanja, nani wa kumwona kwanza. Kila neno lilikuwa sahihi. Ila kiwanja kilinunuliwa zamani, na aliyemtaja kuwa wa kumwona kwanza tulimzika.

Nilidhani ananitania. Nikangoja acheke. Hakucheka.

Sitati alikuwa amekaa pembeni, na faili magotini. Sitati ni meneja wa kiwanda cha Kanduyi. Wekesa alimchukua akiwa ametoka chuo na kumlea kama mtoto wake. Siku hizi kila Wekesa anapokuja Kitale, Sitati yuko nyuma yake. Leo alidakia haraka: "Mzee anamaanisha upanuzi, Mwenyekiti. Awamu ya pili."

Wekesa akasema, "Ndiyo, upanuzi."

Sipendi namna kijana huyu anavyomgandamia. Nafikiri anakitaka kiti.

Alhamisi, 20 Februari

Siku mbaya. Maziwa ya Chwele yameharibika yote. Lori halikufika asubuhi, mpaka jua likawa la utosi na mitungi bado imepangwa kando ya barabara. Mzee Barasa, anayewakilisha wakulima wa huko kwenye bodi yetu, alinipigia simu akiwa palepale. Nyuma yake nilisikia watu wakipiga kelele.

"Mwenyekiti, watu wanamwaga maziwa kwa mtaro. Wamama wanalia. Niwaambie nini? Niambie wewe, niwaambie nini?"

Nikamwambia angoje nitafute malori.

Nikampigia Wekesa, hakushika. Nikampigia Sitati. Akasema malori yameharibika. Yote mawili? Yote mawili, Mwenyekiti, moja gia, lingine tairi. Sauti yake ilikuwa imechoka. Nikamkaripia. Nilisema maneno makali kuhusu mameneja wanaokimbizana na vyeo wakati maziwa yanalala juani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema samahani.

Jumamosi, 1 Machi

Mkutano mkuu wa mwaka, Bungoma, katika ukumbi wa kanisa. Watu walijaa hadi madirishani.

Wekesa alisimama akawasalimu kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu chake kibovu kinachotuchekesha sisi Wakikuyu wa Kitale. Akatoa hotuba. Akaeleza kisa cha ndama aliyeingia benki. Watu wakavunjika mbavu. Akaketi.

Kisha akasimama tena.

Akawasalimu kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu. Akaanza hotuba ileile. Alipofika kwa ndama, watu walicheka tena, wakidhani ni mchezo wake mpya. Halafu kicheko kikapungua, kikaisha, ukumbi mzima ukanyamaza. Yeye anaendelea tu. Sauti nzuri, mikono ikipaa.

Sitati alipanda jukwaani, akamshika kiwiko, akachukua kipaza sauti. "Mkurugenzi anarudia kwa sababu jambo ni zito, wakulima. Naomba mlishike." Wakapiga makofi.

Mzee Barasa aligeuka kuniangalia. Nikainamisha macho.

Jumanne, 4 Machi

Mke wa Wekesa amekuja hapa kwangu. Mama Nafula. Amesafiri kutoka Bungoma peke yake, na sijawahi kumwona akisafiri bila mumewe. Alikataa kuvua koti. Chai ikapoa mbele yake.

"Dada," alisema, "nimekuja bila yeye kujua. Nafikiri hata wewe umeona."

Nikasema nimeona.

Akanieleza. Walikwenda kwa daktari Eldoret mwaka jana. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa ya kuurudisha nyuma, utaendelea tu. Wekesa alitoka pale akasema daktari ni mtoto, hajui kitu, na habari hiyo isitajwe tena nyumbani. Haijatajwa. Mwezi wa kumi na mbili alitoka kiwandani kwenda nyumbani, mwendo wa kutupa jiwe, akapatikana Webuye kwenye kituo cha mafuta akiuliza njia ya Kanduyi.

"Mumtoe," akasema. "Nyinyi bodi."

Nikamwambia ni vizuri yeye amwambie kwanza. Au watoto. Au mchungaji. Akatikisa kichwa. Sitasahau alivyosema, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga kazi za nyumba:

"Nyinyi mkimwambia, atawachukia nyinyi. Mimi nikimwambia, atanichukia mimi. Na mimi ndiye nitakayemwosha. Ndiye nitakayemlisha. Hawezi kulishwa na mtu anamchukia, dada."

Nikauliza, kwa hiyo achukie nani?

Alinishika mkono tu. Mkono wake ulikuwa baridi.

Akaniomba nisimwambie Wekesa kwamba alikuja. Nimeahidi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya kazi za shamba siku nzima. Nimezibua mfereji. Nimepaka chokaa zizi. Sitaki kufikiri.

Namchukia kidogo huyu mama kwa kunichagua mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia.

Nilikwenda mwenyewe mpaka Kanduyi. Bodi ilikuwa imekubaliana kwa simu, wote, hata Mzee Barasa, lakini nilisema nitakwenda peke yangu. Nilitumaini nitamkuta katika siku mbaya. Ni jambo la aibu kumtakia rafiki. Lakini nilifikiri akiwa amechanganyikiwa itakuwa rahisi.

Alikuwa mzima kabisa. Wekesa yuleyule. Alinipeleka kiwandani tuone mashine mpya ya mala, maziwa ya mgando, akanieleza kila bomba. Aliuliza habari za Kamau, akakumbuka kwamba mkewe alijifungua. Tukarudi ofisini kwake. Nikafunga mlango.

Nikasema bodi imeamua mkataba usiendelee. Nikasema umri, nikasema kampuni imekua, nikasema damu mpya. Maneno ya magazeti. Aliniacha nimalize.

"Nimekosa wapi?" akauliza.

Nikataja Chwele, maziwa yaliyomwagwa. Nikataja mkutano mkuu.

"Mkutano ulikuwa mzuri. Watu walipiga makofi."

Niligeuza macho dirishani.

"Mama Kamau. Niangalie. Kuna mtu amekuambia jambo kunihusu?"

Nikasema hapana. Nilimwangalia machoni nikasema hapana.

Akasimama. Akasema kwamba alijua siku hii itafika, kwamba sisi wa Kitale tulikuwa tunangoja tu afanye kazi yote kisha tuchukue. Halafu akasema neno kuhusu watu wangu na mashamba tuliyonunua huku, neno ambalo kwa miaka yote hii hakuwahi kulitamka, hata wakati wa ghasia za kikabila, ambapo wengine wote walikuwa wakilitamka. Sitaliandika hapa.

Akafungua mlango, akangoja nitoke.

Nilisimamisha gari Kamukuywa. Nikalia kama mtoto. Muuza miwa alikuja dirishani akaona, akarudi.

Jumanne, 18 Machi

Bodi imekaa. Wekesa atabaki na cheo mpaka mwisho wa Mei, ila maamuzi yote yapitie kwangu. Wakulima wataambiwa anastaafu. Hakuja kwenye kikao.

Kamati ya kumtafuta mrithi ni mimi, Mzee Barasa, na wakili wetu Bi. Chepkemoi. Nimejaribu kuikwepa. Wamekataa.

Jioni mvua ya kwanza. Kila mtu Kitale anakimbilia mbegu.

Jumatano, 2 Aprili

Maombi yamekuja mengi kuliko tulivyotarajia. Wengine hawajawahi hata kugusa kiwele. Mmoja ameandika kwamba ana ndoto ya kuongoza "kampuni yoyote".

Kazi ngumu haikuwa kusoma barua hizo. Ilikuwa kukubaliana tunamtafuta mtu wa namna gani. Mzee Barasa anasema, "Mtu anajua mkulima. Akikuja Chwele, aingie kwa boma, akalie kiti ya mbao, anywe chai ya watu." Nikamwambia anamweleza Wekesa. Akasema, "Si ndiyo! Tafuta Wekesa mwingine, bana."

Chepkemoi akaweka kalamu chini akauliza. "Wekesa mwenyewe alipoanza kukosea, nani katika kampuni hii alikuwa na uwezo wa kumwambia?"

Hakuna.

Basi tukaandika hilo. Tunataka mtu anayeweza kuambiwa. Na anayeweza kusema.

Wamebaki wawili. Sitati, na mwanamke mmoja anayeitwa Consolata Achieng', ambaye amekuwa akiendesha kiwanda cha jibini Nakuru.

Alhamisi, 10 Aprili

Mahojiano.

Consolata alitangulia. Mfupi, mkavu, hatabasamu bila sababu. Hakutusifu. Alisema alipita Chwele juzi bila kujitambulisha, akakaa kituoni asubuhi nzima, na akaona maziwa ya watu wa mbali yanachanganywa na ya karibu kabla ya kupimwa. Mzee Barasa alikasirika kwa sababu ni kweli. Nilipomuuliza kosa lake kubwa kazini, alieleza moja linalouma, na hakulipamba mwishoni kama wafanyavyo wengine.

Kisha Sitati. Suti imemlegea. Amekonda tangu Februari na sikuwa nimetambua.

Anajua kila kitu. Kila mtambo, kila dereva, kila mkulima na jina la ng'ombe wake. Tulimuuliza saa nzima na hakukosea. Nikaona Mzee Barasa anatabasamu. Halafu Chepkemoi akamuuliza kuhusu malori siku ile ya Chwele.

Sitati alikunywa maji. Akaweka glasi chini.

"Malori hayakuharibika," akasema. "Mzee aliyatuma Kimilili. Kwenye kituo cha zamani."

Kituo cha Kimilili tulikifunga zamani sana. Ni duka la saruji sasa.

"Uliniambia gia na tairi," nikasema.

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Ulijua lini kwamba Wekesa ni mgonjwa?"

"Kabla ya Mama Nafula, nafikiri. Mzee alianza kuniuliza jambo moja mara tatu. Nikaanza kuwahi kazini kabla yake, nipange siku yake. Nikitoka naye, namwambia majina ya watu sikioni kabla hawajafika. Siku hiyo ya Chwele nilikuwa nimempeleka mtoto wangu hospitali. Siku moja tu."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia mngemtoa."

Akaongeza, polepole, "Huyu mtu alinilipia karo ya mwaka wa mwisho bila kunijua. Mlitaka nifanye nini?"

Na mimi nilikuwa nimedhani anakitaka kiti. Wakati wote ule alikuwa anakishikilia kisianguke na mtu ndani yake.

Ijumaa, 11 Aprili

Kamati. Nilidhani Mzee Barasa atakuwa wa kwanza kumkataa Sitati, kwa vile ni maziwa ya watu wake yaliyomwagwa. Kinyume kabisa.

"Kijana alisimama na mzee wake. Mimi nikiwa mgonjwa ningetaka mtu kama huyo. Nyinyi hamtaki?"

Chepkemoi akasema, "Namtaka awe jirani yangu. Lakini alituangalia machoni akatudanganya, na wakulima wakamwaga maziwa. Akiwa mkurugenzi, siku rafiki mwingine akikosea, atatuambia?"

Mzee Barasa akapiga meza. "Ile rori ingeharibika kweli mngemlaumu?"

"Haikuharibika," akasema Chepkemoi.

Mmoja huku, mmoja kule. Wakanigeukia.

Nilitembea nje, nikazunguka jengo. Ningeweza kumpa. Kila mtu angefurahi. Wekesa angefurahi, labda hata angenisamehe, maana Sitati ndiye mrithi aliyemtaka miaka yote. Nilifikiri jambo hilo muda mrefu, kwamba kwa kumchagua Sitati ningemnunua Wekesa arudi.

Hapo nikajua siwezi. Sitati alimpenda Wekesa kuliko alivyowapenda wakulima. Na mimi hivyohivyo, nilikuwa karibu kugawa kiti kwa ajili ya mtu mmoja. Kampuni haiwezi kuongozwa na watu wawili wenye ugonjwa mmoja, mmoja kwenye bodi na mwingine kiwandani.

Nikarudi nikasema Consolata.

Mzee Barasa alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia Sitati ana kwa ana. Nilimweleza sababu, sikumficha. Akaitikia kwa kichwa.

Swali lake lilikuwa moja. "Nani atamwambia Mzee kwamba si mimi?"

Nikasema nitamwambia.

"Hapana. Niachie mimi. Wewe umebeba ya kutosha."

Anajua, basi, kwamba nimembebea mke wa Wekesa. Mama Nafula alimwambia, au alijua mwenyewe. Sikuuliza. Afadhali angenitukana. Ningeenda nyumbani mwepesi zaidi.

Alhamisi, 15 Mei

Consolata ameanza. Yuko Kanduyi kabla ya malori, anaonja, anapima, anauliza. Wafanyakazi wanamwogopa.

Tatizo ni Wekesa. Kila asubuhi anakuja kiwandani, mlinzi anamfungulia kwa heshima, anaingia ofisini, anakaa kwenye kiti chake. Anasoma gazeti. Anaita watu waje, wanakuja, anawatuma mambo ambayo yamekwisha fanywa. Wanasema ndiyo, Mzee, wanatoka.

Nilidhani nitamkuta Consolata amekasirika. Ameweka meza katika chumba cha kuhifadhia sare za wafanyakazi. Mabuti ya mpira yamepangwa nyuma yake hadi darini. Nikamwambia hilo haliwezekani, yeye ndiye mkurugenzi mpya, nitazungumza na familia.

"Mama, acha akae," akasema. "Kazi naifanya hata huku. Mwisho wa Mei si mbali."

Kisha akarudi kwenye hesabu zake za mafuta ya maziwa.

Nilitaka kumkumbatia. Si mtu wa kukumbatiwa.

Ijumaa, 30 Mei

Sherehe ya kumuaga Wekesa. Hema, nyama, kwaya ya kanisa, wakulima kutoka kila upande. Kampuni ilimpa mtamba aliyevishwa utepe. Alipendeza, amevaa suti ya kijivu, na Mama Nafula alikuwa amempangia siku vizuri kiasi kwamba asiyejua hangejua.

Alisalimia bodi yote, mmoja mmoja. Alipofika kwangu mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Akaupita. Akamsalimia aliyekuwa nyuma yangu.

Watu waliona. Kwaya iliendelea kuimba lakini waliona.

Mama Nafula alikuwa hatua moja nyuma yake. Alinipa mkono kama anavyompa mtu asiyemfahamu, akasema, "Habari, Mwenyekiti," akaendelea. Ndivyo tulivyopatana, ingawa hatukuwahi kutamka. Anayechukiwa awe mimi peke yangu. Niliketi nikala nyama yote iliyowekwa mbele yangu. Sikusikia ladha.

Sitati amejiuzulu leo. Anafungua duka la dawa za mifugo Chwele.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya kanisa nilimpigia Wekesa. Alishika. Nikasema, "Bwana Wekesa, ni mimi." Nasikia pumzi yake. Akakata.

Anaijua sauti yangu bado. Nimelishika hilo mchana kutwa.

Jumanne, 8 Julai

Tumekaa na Consolata, mazungumzo yake ya kwanza ya tathmini. Si ya chai tena. Nimemuuliza maswali magumu na yeye ameniuliza mimi. Ameuliza kwa nini bodi haikuwahi kumtathmini mkurugenzi kwa kuwauliza walio chini yake. Nikasema hatukuwahi kufikiri. Akaandika kitu.

Maziwa ya Chwele yanafika yakiwa baridi. Yale ya mbali yanapimwa peke yake. Lakini wakulima wananung'unika kwamba hashuki garini kunywa chai, kwamba haulizi habari za watoto. Mzee Barasa, ambaye sasa tunasalimiana tena, anasisitiza kwamba Sitati angefanya vizuri zaidi.

Labda. Hatutajua kamwe. Hilo ndilo ambalo sikulijua kuhusu kazi hii ya kuchagua. Nilifikiri baada ya muda mtu hupata uhakika.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Nafula alipiga simu jana. "Dada, sasa unaweza kuja. Hakuna shida tena." Sauti yake ilikuwa tambarare. Nilielewa anachosema.

Nimekwenda leo. Nyumba yao iko nyuma kidogo ya Kanduyi, ukipita uwanja. Njiani nilijiandaa. Nilikuwa na maneno kwa ajili ya hasira yake, nimeyatunga tangu Machi.

Alikuwa barazani, ungo wa maharagwe magotini, anayaambua. Sitati alikuwa pale, amepinda mikono ya shati, anasafisha mashine ya kunyolea. Huja kila Jumamosi kumnyoa. Alisimama kunisalimia kwa mikono miwili na akanipisha kiti chake.

Wekesa aliniangalia kwa furaha ya mtu aliyepata mgeni.

"Karibu, mama. Umetoka mbali?"

"Kitale."

"Kitale! Basi wewe ndiye nakutafuta." Akaweka ungo chini. Akavuta kiti karibu na changu, akaanza kunieleza. Kwamba kuna kampuni inaanzishwa. Si ya tajiri yeyote, ni ya wakulima wenyewe, wa Kitale na wa Bungoma pamoja, haijalishi mtu ametoka kabila gani. Kwamba maziwa ya mtu mmoja hayana sauti sokoni. Kwamba nisiogope. Mikono yake ilipaa. Hakukosea neno. Hivyo ndivyo alivyosema sebuleni kwangu mume wangu akiwa hai, na mume wangu akaniangalia, na mimi nikasema tujaribu.

Hasira ilikuwa imekwisha. Yote, pamoja na mtu aliyemkasirikia. Mama Nafula alikuwa amesimama mlangoni na taulo, akanitazama, akaona kwamba nimeelewa, akaingia ndani. Baadaye jikoni aliniambia kwamba anakula vizuri kutoka mkononi mwake. Hakuniambia asante, na mimi sikutaka aniambie. Tulisimama tu, bega kwa bega, tukiangalia sufuria ichemke.

Nilipotoka tena barazani Wekesa alikuwa bado ananingoja.

"Haya, mama, unasemaje? Una ng'ombe wangapi?"

Nikasema wawili wanaokamuliwa.

Akafikiri. "Wawili wanatosha kuanza."

Nikamwambia nitaleta maziwa Jumatatu. Akanipa mkono, nikaushika.

Mvua ilianza kudondoka, matone makubwa. Sitati na mimi tulihamisha maharagwe ndani. Kisha nikaaga, nikaendesha polepole mpaka Kitale.